Baba yake hataki kusikia habari ya komyuniti koleji, na mimi hela sina

Shikamoo dada.

Naandika hii nikiwa kazini, saa tisa usiku, wazee wangu wamelala wote isipokuwa bibi mmoja wa chumba cha mwisho ambaye kila nusu saa anabonyeza kengele kuniuliza kama basi limefika. Mimi ni CNA, msaidizi wa manesi, kwenye nyumba ya wazee hapa Houston, huu mwaka wa nane. Tulikuja 2016 na grinikadi ya bahati nasibu, mimi na mume wangu na mtoto wetu wa kwanza ambaye hapa nitamwita Neema, alikuwa na miaka minane. Wadogo zake wawili wamezaliwa hapa hapa.

Sasa Neema yuko mwaka wa mwisho haiskuli, anamaliza mwezi wa tano mwakani. Ana akili jamani, sisemi kwa sababu ni wangu, kundi lao lina watoto 600 na yeye ni wa 48. Tangu mdogo akiulizwa utakuwa nani anasema daktari, na sisi tukalishika hilo hilo, baba yake akiongea na ndugu wa Tanga wakimuuliza watoto hawajambo anajibu "daktari hajambo, na wenzake hawajambo".

Mwezi wa tisa kaunsela wa shule akatuita. Akasema orodha ya vyuo alivyoandika Neema ni vya juu tupu, UT Austin (University of Texas), Rice, na kingine cha binafsi nje ya Texas, hamna hata kimoja cha sefti. Mimi nikadhani anaongelea usalama, haya mambo ya bunduki mashuleni, nikamwambia kabisa hata sisi wazazi tunataka usalama. Yule mama akacheka, Neema akainamisha kichwa mpaka leo sijui kama amenisamehe. Kumbe sefti ni chuo cha akiba, kile ambacho una uhakika watakuchukua hata vingine vyote vikikataa.

Basi kile cha nje ya Texas (sikitaji) kikawa cha kwanza kujibu. Wamemchukua, uuguzi, anaanza moja kwa moja mwaka wa kwanza, na skolashipu ya dola 24,000 kila mwaka. Barua ilikuja kwenye bahasha kubwa ya kung'aa, baba yake akaipiga picha akairusha kwenye grupu la ukoo kabla sijamaliza hata kuisoma. Zikaja hongera mpaka usiku. Mimi nikachukua karatasi nikapiga hesabu, gharama za mwaka na malazi ni 61,400. Toa skolashipu, zinabaki 37,400. Sisi hatuna hata elfu nne dada. Mume wangu alikuwa anaendesha lori, mwezi wa pili mgongo ukamkatalia, sa hivi anaokota shifti za hapa na pale kwenye ghala. Anasema watu wote wanakopa, na ikibidi tutauza kiwanja cha Pongwe. Kiwanja chenyewe nimekinunua kwa maboksi haya haya na mama yangu mzazi anasubiri nimwekee vyumba viwili pale.

Nikimwambia lakini huo ni uuguzi na mtoto anataka udaktari, anasema nesi kwanza daktari baadaye, ni ngazi hiyo, unapanda.

Mimi wazo langu ni aanze komyuniti koleji, chuo cha umma cha miaka miwili, hapa hapa, alale nyumbani, ale ugali wake, miaka miwili halafu ahamie chuo kikubwa. Mume wangu hataki hata kulisikia. Anasema mtoto wa 48 kati ya 600 akakae darasa moja na watu walioshindwa? Halafu siku moja akatoa la moyoni, akasema "wewe mwenyewe si uliingia huko ukaishia njiani". Ni kweli, 2019 nilianza LVN, unesi wa ngazi ya chini, nikapata mimba ya mwisho, nikaacha baada ya semista moja. Lakini lile neno limeniuma, sijamwambia.

Na kuna chuo kingine cha watu binafsi, cha kutafuta faida, wanapiga simu kila siku, sijui namba wameitoa wapi, wanasema miezi 20 mtoto ni nesi, hamna foleni, hamna mtihani wa kuingia, njooni tu msaini.

Neema yeye yuko kimya. Ukimuuliza anasema "chochote mtakachoamua". Kitu kimoja tu, kiangazi kilichopita aliniletea chakula kazini, akakuta yule kaka wa mashine za kupumua anamhudumia mzee mmoja mwenye tundu kooni, akasimama mlangoni akatazama mpaka mwisho. Kwenye gari njia nzima anauliza habari za yule kaka, amesomea wapi, kwa nini alikuwa anasikiliza mgongo kwanza ndo akagusa mashine. Nikamwambia yule sio daktari. Akanyamaza.

Dada, nifanyeje? Chuo gani cha akiba nimtafutie ambacho tutakiweza na baba yake hataona aibu? Au mimi ndo naua ndoto ya mtoto kwa sababu ya hela?

Mama Neema, Houston

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole na usiku.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka pale kwenye sefti (usijali, atakusamehe, akizaa na yeye ataaibisha wa kwake), ya pili sikucheka. Manake ukiitazama vizuri una mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna hela. Kuna heshima, ya baba kwa ukoo wake na yako wewe kwa lile neno la "uliishia njiani". Na kuna mtoto ambaye kila mtu anajua anataka nini isipokuwa yeye hajasema. Umeniuliza chuo, lakini chuo nadhani ndo rahisi kuliko yote, kwa hiyo nianze nacho.

Unasema hamna chuo cha akiba. Mbona kipo, na si kimoja. Texas ina sheria tangu 1997, mtoto akimaliza haiskuli ya hapa akiwa ndani ya 10 bora kwa mia ya kundi lake, vyuo vikuu vya serikali vya jimbo vinatakiwa kumpokea bila mizengwe. Wa 48 kati ya 600 ni 8 kwa mia. Yumo. UT Austin peke yake ndo ina kipimo chake, kwa wanaoanza 2026 wanachukua moja kwa moja 5 bora kwa mia tu, kwa darasa la Neema hao ni watoto 30 wa kwanza, kwa hiyo pale ataomba kama wengine na kungoja bahati. Lakini University of Houston iko hapo mjini, Texas Woman's, Prairie View A&M, Sam Houston State, UT Arlington, hizo zote akijaza fomu ndani ya muda na vielelezo vimekamilika mlango uko wazi. Nenda kamwambie mume wangu, samahani, mume wako, kwamba binti yake hahitaji kumbembeleza mtu kuingia chuo kikuu. Hiyo nayo ni habari ya kurusha kwenye grupu.

Sasa tulia hapa kidogo, manake hapa ndo wazazi wengi wanapigwa. Kupokelewa chuo si kupokelewa uuguzi. Vyuo vingi vinamwandika mtoto kama mwanafunzi wa kujiandaa na uuguzi, anasoma anatomia, mikrobiolojia, kemia, takwimu, halafu baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili anaomba upya kuingia kwenye uuguzi wenyewe, kuna mtihani wa TEAS au HESI, wanaangalia GPA, yaani wastani wa alama, ya masomo ya sayansi, na nafasi ni chache. Nimeona watoto wenye akili kabisa wamelia hapo. Ile sheria ya 10 bora inakufikisha getini, haikuingizi kwenye hicho chumba. Na ndo maana ile barua ya bahasha ya kung'aa ina thamani yake, sitaki kuidharau, anayeanza uuguzi moja kwa moja mwaka wa kwanza ameruka hiyo foleni ya pili. Mume wako hakukosea kufurahi.

Ila kuna jambo ambalo hao wa bahasha hawakuandika. Uuguzi si ngazi ya kupandia udaktari. Najua kwetu linasikika hivyo, nesi yuko chini, daktari yuko juu, basi unapanda. Hapa ni njia mbili zinazotokea kwenye lango tofauti. Shule za udaktari za Marekani zinataka mtu mwenye shahada yoyote, hata ya historia, mradi amesoma baiolojia, kemia ya kawaida na ile ya ogania, fizikia, baiokemia, halafu afanye mtihani wa MCAT. Kozi ya uuguzi imejaa mafunzo ya wodini na kemia yake mara nyingi ni nyepesi, haitoshi, kwa hiyo nesi anayetaka udaktari inabidi arudi kusoma masomo mengine karibu miaka miwili juu ya shahada yake. Inawezekana, wapo waliofanya. Lakini kama Neema anataka udaktari kweli kweli, basi kulipa dola 37,400 kwa mwaka kusomea kitu kingine ni njia ya kuzunguka Korogwe ili ufike Pongwe. Na kama anataka uuguzi wenyewe, uuguzi ni kazi kamili inayojitegemea, asiisome kama chumba cha kusubiria.

Na udaktari tuuseme kwa idadi yake. Kila mwaka wanaomba watu zaidi ya 50,000 nchi nzima, wanaoanza ni kama 23,000, na wastani wa GPA ya walioingia ni karibu 3.8. Simkatishi tamaa mtoto, ila ujue shule ya udaktari itaangalia alama zake zaidi ya jina la chuo alichozipata. Texas mna bahati nyingine ambayo watu wa majimbo mengine wanaionea wivu, shule za udaktari za serikali hapa zinatakiwa kuweka nafasi 90 kati ya 100 kwa wakazi wa Texas, na ada kwa mkazi ni dola elfu 20 na ushee kwa mwaka, wakati kwingine ni mara tatu. Akienda kuishi jimbo jingine miaka minne, mnapaswa kuwa makini asipoteze ukazi wake. Halafu kuna hili la mikopo, sheria iliyopitishwa mwezi wa saba 2025 imeweka ukomo, kuanzia mwezi wa saba 2026 anayesomea udaktari hawezi kukopa serikalini zaidi ya 200,000 jumla, zamani mkopo ulikuwa unafunika gharama yote. Kwa hiyo kila dola mnayoibakiza kwenye shahada ya kwanza itakuja kutafutwa baadaye.

Tuje kwenye karatasi yako ya 37,400. Hesabu uliyopiga ni sahihi ila haijaisha. Hujaweka Pell, hiyo ni ruzuku ya serikali kuu ambayo hairudishwi, kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka, na nyie mna grinikadi kwa hiyo Neema ana haki nayo, ataipata kwa kiasi gani inategemea kipato chenu. Tuseme ameipata yote. Zinabaki 30,005. Yeye mwenyewe mwaka wa kwanza anaruhusiwa kukopa serikalini 5,500. Zinabaki 24,505. Mkopo wa mzazi, ule PLUS, kwa sheria hiyo hiyo mpya una ukomo wa 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja basi. Kwa hiyo hata mkikopa mpaka mwisho bado mwaka wa kwanza mnadaiwa 4,505 mkononi, na mkikopa hivyo miaka mitatu, mwaka wa nne mmebakiwa na 5,000 tu ya kukopa wakati mtoto yuko wodini hawezi kuacha. Hapo ndo kiwanja cha Pongwe kinapoenda, na hakitoshi. Halafu waulize kwa barua pepe, ili jibu liwe limeandikwa, hiyo 24,000 ina masharti ya GPA gani, na ada ikipanda na yenyewe inapanda? Mara nyingi ada inapanda kila mwaka na skolashipu imekaa pale pale inaangalia.

Sijasema msimpeleke. Kuna familia zimeomba chuo kiongeze msaada na kikaongeza. Nasema mume wako aone hizi tarakimu kwa macho yake, ameiona bahasha tu.

Kuhusu komyuniti koleji nitakuwa mkweli kwako na kwake, kila mtu ana nusu ya maneno. Kwa upande wako, ada ya mwaka kwa mkazi wa eneo ni chini hata ya Pell kamili, mtoto anaweza kusoma bila kudaiwa senti na zikabaki za vitabu na mafuta ya gari. Na hili la "walioshindwa", mpeleke siku moja Coleman, ile kampasi ya Houston Community College iliyo pale pale Texas Medical Center katikati ya hospitali zote zile, aone wanaosoma pale uuguzi na radiografia kama anawaona wameshindwa. Aliyesoma uuguzi miaka miwili kwenye koleji na aliyesoma minne chuo kikuu wanafanya mtihani mmoja wa NCLEX, leseni ni moja. Shahada anaimalizia baadaye akiwa kazini, hospitali nyingi zinasaidia kulipa. Tena kuna shule za uuguzi kubwa kabisa pale Medical Center, kama Cizik ya UTHealth, ambazo hazichukui mtoto anayetoka haiskuli, lazima ulete krediti, yaani pointi za masomo, ulizosoma kwingine kwanza. Wa koleji na wa chuo kikuu wanakutana kwenye foleni ile ile.

Upande wa mume wako nao usiupuuze. Nchi nzima, kati ya watu 100 wanaoanza komyuniti koleji ni kama 16 tu wanakuwa na shahada ndani ya miaka sita. Wengi walitaka, maisha yakawazidi, shifti, watoto, gari limekufa, krediti zimekataliwa huko walikohamia. Mtoto wa kwanza wa familia ya wahamiaji anayelala nyumbani ndo huyo huyo anayeitwa atafsiri barua ya bima, awachukue wadogo zake shule, amsindikize baba kliniki ya mgongo. Mkichagua hiyo njia itabidi nyie ndo mumlindie muda wake. Na kama bado anataka udaktari, azungumze na washauri wa kule anakotaka kuhamia kabla hajachagua somo hata moja, shule za udaktari za Texas kwa kawaida zinapokea masomo ya koleji, ila zinapenda kuona amefanya vizuri pia kwenye masomo magumu ya chuo kikuu.

Na lile neno la kuishia njiani. Mdogo wangu, ulikuwa na mimba, watoto wawili, na zamu za usiku, ukaacha. Chuo hakikukushinda, saa 24 ndo zilikushinda. Lakini naomba nikuulize taratibu, unapomwona Neema anaingia koleji hiyo hiyo, je kuna kipande chako kinachotaka amalizie pale ulipoachia? Si vibaya, mama ni mama. Ila na baba yake naye ana "daktari hajambo" yake. Inawezekana mtoto yuko kimya kwa sababu kila mlango anaouangalia kuna mzazi amesimama mbele yake.

Kati ya hizo njia mbili mnazogombania kuna ya katikati ambayo sijaiona kwenye barua yako kabisa, chuo kikuu cha serikali, wa Texas, kwa bei ya mkazi. Akienda University of Houston akitokea nyumbani, ada ni kama elfu 12 kwa mwaka kabla ya msaada wowote. Toa Pell, kuna na ruzuku ya jimbo inaitwa TEXAS Grant kwa wenye uhitaji, na vyuo vingi vya serikali vina ahadi ya kulipia ada yote kwa familia za kipato fulani. Vyuo vya mfumo wa UT, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025, vinafuta ada kwa familia ya Texas yenye kipato kisichozidi 100,000. UT Arlington imo, na ina uuguzi mkubwa, ni mwendo wa saa nne kutoka kwenu. Malazi na chakula hawafuti, na hicho ndo kisu chake. Prairie View na Texas Woman's zote masomo ya mwisho ya uuguzi zinafundishia pale pale Medical Center. Simwambii aende wapi. Nataka tu meza iwe na sahani zaidi ya mbili.

Hao wanaopiga simu kila siku wape swali moja, mmeidhinishwa na Texas Board of Nursing, na wanafunzi wenu wangapi kati ya 100 wamefaulu NCLEX mara ya kwanza mwaka jana? Bodi inatangaza matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, na shule ikiwa chini ya 80 inawekwa kikaangoni. Waulize pia kama krediti zao zinahamishika. Utashangaa simu zitakavyopungua.

Kwa sasa kuna kazi moja haingoji uamuzi wa yeyote, fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa hela za chuo serikalini. Kwa vyuo vya serikali vya Texas tarehe ya kipaumbele ni 15 Januari, hela za jimbo zikiisha zimeisha. Wanaangalia kodi ya miaka miwili nyuma, maana yake wataona kipato cha 2024 wakati baba bado yuko kwenye lori. Mkishaijaza, kiandikieni kila chuo ofisi ya misaada mueleze mgongo na kazi iliyokatika, mpeleke barua ya daktari na hati za malipo za sasa, wana mamlaka ya kuangalia upya hesabu yenu. Wengi hawajui hili wanakaa wanalia na karatasi ya zamani. Na kiwanja cha Pongwe kinatakiwa kuandikwa, usikifiche, nyumba mnayoishi ndo haihesabiwi.

Nimeacha la yule kaka wa mashine makusudi. Ulimjibu Neema "yule sio daktari" na akanyamaza, na nadhani amenyamaza tangu siku ile. Sijui anataka nini. Inawezekana alikuwa anashangaa tu kama mtoto yeyote. Lakini mtoto anayegundua kwamba mtu alisikiliza mgongo kwanza ndo akagusa mashine, huyo hakuwa anatazama koti. Kazi ile inasomewa miaka miwili, na Coleman wanayo, ina leseni yake na ina mshahara wa kueleweka. Inaweza kuwa ndo mwisho wa safari yake, inaweza kuwa dirisha la kumpeleka kwenye udaktari wa mapafu huko mbele, inaweza isiwe chochote. Ukiuliza "unataka chuo gani" atakujibu chochote mtakachoamua. Jaribu kumuuliza yule kaka ilikuwaje, aliona nini, siku mko wawili kwenye gari, redio imezimwa, halafu usimalizie sentensi zake.

Na kama yule kaka bado yuko zamu zenu, muulize kama ana nusu saa ya kuongea na binti yako kwenye mapumziko yake, wengi wanapenda kuulizwa. Mume wako unaweza kumwomba awapeleke yeye, akae hapo hapo asikilize.

Niandikie mkishapata majibu ya FAFSA, hata kama ni saa tisa usiku.